Vitamini ya kiazi lishe: iliyomo si yote inayoingia mwilini

Swali ninaloulizwa sana msimu wa kuvuna viazi hapa Bariadi ni hili: "Bwana shamba, nikivigeuza michembe, vitamini inabaki?" Sisi maafisa ugani tumezoea kujibu kwa kutaja wingi wa vitamini A iliyomo kwenye kiazi cha rangi ya chungwa. Mimi mwenyewe nimejibu hivyo mara nyingi. Naona ni jibu nusu.

Wataalamu wa chakula wana njia ya kupima nusu iliyobaki. Wanatengeneza tumbo la mtu ndani ya chupa. Chakula kilichopondwa huchanganywa na mate ya maabara kwa dakika 2, kisha huingizwa kwenye asidi na pepsini kwa saa 2, halafu nyongo na vimeng'enya vya utumbo kwa saa 2 nyingine. Joto ni nyuzi 37, kama la mwili. Utaratibu huo ulikubaliwa na watafiti wa nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2014. Mwishoni hupimwa kiasi kilichoachiliwa na chakula, tayari kufyonzwa.

Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Makerere walishapima viazi lishe kwa njia ya namna hiyo, wakachapisha mwaka 2009. Kiazi kibichi kiliachilia karotini kidogo, kilichopikwa kiliachilia zaidi, na kilichokaangwa kwa mafuta kikawa mbele. Sababu ni kwamba moto hulegeza kuta za chembe za kiazi, na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huyeyuka kwenye mafuta tu. Mtoto anayekula kiazi cha maji na chumvi pekee hupata pungufu, hata kiazi kiwe kizuri namna gani.

Chupa haina minyoo wala homa, kwa hiyo haimwakilishi kila mtoto wa kijijini. Lakini inatosha kutuonyesha tulipokosea kufundisha.

Sasa michembe. Jua si adui mkubwa, ghala ndilo adui. Majaribio ya Uganda yalionyesha viazi lishe vilivyokaushwa hupoteza takriban asilimia 70 ya karotini vikikaa miezi minne. Michembe na matobolwa ya kiazi lishe yaliwe mapema, hasa na watoto na wajawazito. Ya kiazi cheupe ndiyo yasubiri njaa, maana hayana vitamini A ya kupotea.

Na kila sahani iwe na mafuta kidogo: kijiko cha chai cha alizeti au pamba, au karanga zilizotwangwa. Chagua karanga zisizo na ukungu, sumukuvu haitoki kwa kuchemsha.

Darasa la shamba lijalo sitakuja na marando peke yake. Nitakuja na karanga pia, akina mama naomba mje na kinu.