Ajali za michezo ya kasi: Funzo la Whistler kwa miteremko ya Kajiado

Kajiado haina theluji wala njia ya barafu, lakini ina miteremko. Barabara ya Magadi, ikishaipita Kiserian na Kona Baridi, huporomoka kuelekea ziwa lililo takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili, mwendeshaji baiskeli anayefanya mazoezi kati ya Kitengela na Kajiado mjini hugawana lami na malori ya Namanga. Swali ni moja: mwanamichezo akianguka, lawama ni yake au ya aliyemchagulia njia?

Swali hilo liliulizwa kwa uchungu Februari 12, 2010, saa chache kabla ya kufunguliwa kwa Michezo ya Olimpiki ya msimu wa baridi ya Vancouver, Kanada. Nodar Kumaritashvili wa Georgia, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alikuwa akifanya mazoezi ya luge, mchezo wa kuteleza juu ya barafu mtu akiwa amelala chali. Katika kona ya mwisho ya njia ya Whistler, akienda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa, alirushwa nje na kugonga nguzo ya chuma isiyokuwa na kinga. Alifariki.

Wasimamizi walisema kuwa mwanamichezo huyo alichelewa kutoka kona ya 15 na kwamba njia haikuwa na kasoro. Hata hivyo, vitendo vyao vilisema mengine. Ukuta uliinuliwa, umbo la barafu likabadilishwa na wanaume wakashushwa hadi mahali pa kuanzia pa wanawake ili kupunguza kasi. Njia iliyojengwa baadaye kwa michezo ya Sochi ya mwaka 2014 iliwekewa sehemu tatu za kupanda mlima kwa sababu iyo hiyo.

Msiba wa mchezo wa kasi umeifikia Kenya pia. Agosti 27, 2022, Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyemaliza wa tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017, alianguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Ajali hiyo haithibitishi kuwa njia ilikuwa na kasoro, ila inakumbusha jinsi kosa dogo mteremkoni lilivyo ghali.

Wapo watakaosema kuwa hatari ndiyo ladha ya michezo hii. Ni kweli, lakini mwanamichezo hukubali hatari ya mchezo, si ya nguzo iliyoachwa wazi. Kukosea ni jambo la kutarajiwa. Kazi ya mpangaji wa njia ni kuhakikisha kosa halileti kifo.

Kwa Kajiado, hilo lina maana ya kukagua njia kabla ya mashindano, kuzuia magari, kufunika nguzo za konani, kuweka ambulensi karibu na kumpa mkaguzi mamlaka ya kufupisha mteremko. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Whistler iliujenga wake baada ya mazishi kuwa hayaepukiki.