Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Embu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: WAZEE WENYE SARATANI YA TEZI DUME ISIYO KALI

Nakuandikia kutoka Kiritiri. Mwaka jana mzee jirani yangu aliambiwa ana saratani ya tezi dume, ile ya polepole ambayo madaktari huiita Gleason 6. Alishauriwa asipasuliwe, afuatiliwe. Akarudi nyumbani na karatasi isiyo na tarehe ya kurudi. Hadi leo hajapimwa tena.

Ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Nchini Uingereza, utafiti wa ProtecT ulifuatilia wanaume 1,643 kwa miaka 15 hivi. Matokeo ya 2023 yalionyesha kwamba takriban 97 kati ya kila 100 hawakufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walitibiwa kwa miale au walifuatiliwa tu. Upasuaji nao huweza kumwachia mtu mkojo usiozuilika na kumpotezea nguvu za kiume. Hata hivyo, miongoni mwa waliofuatiliwa, saratani ilisambaa kwa wengi zaidi. Kwa hiyo kufuatilia ni kazi.

Mkulima wa ndengu hapa Mbeere hang'oi shamba zima kwa jani moja lenye madoa, lakini hupita mistarini akikagua. Kwa mgonjwa huyu, ukaguzi ni kupimwa damu, kipimo cha PSA, kila baada ya miezi kadhaa, na kupigwa picha ya MRI inayolinganishwa na ya awali. Picha humwonyesha daktari kama uvimbe umebadilika, na mahali hasa pa kuchukua kinyama cha kupimwa.

Naomba mambo matatu. Kwanza, damu ya PSA itolewe hapa Kiritiri na kupelekwa maabara, ili mzee asisafiri kila mara. Pili, kuwe na daftari la wagonjwa hawa, na mhudumu wa afya ya jamii abishe hodi kwa yeyote aliyepitisha siku yake. Tatu, kabla mgonjwa hajatoka hospitalini, ajue picha itapigwa wapi, lini, na bima ya afya ya SHA italipa kiasi gani.

Mheshimiwa, anayemwambia mgonjwa asubiri amebeba jukumu la kumkumbuka. Wape wazee wetu tarehe ya kurudi.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Kiritiri, Mbeere Kusini