Kila Bidhaa na Sifa Zake



Mwishoni mwa Ramadhani iliyopita, binti wa dada yangu, ambaye huuza nguo kwa mtandao, alipatwa na jambo la kumsikitisha. Mama mmoja aliagiza kwake buibui la inchi 58, akafikishiwa la inchi 54, na Idi ni kesho kutwa. Binti hakukusudia kudanganya. Dukani mwake palikuwa pameandikwa "buibui jeusi, saizi zote", ilhali lililobaki lilikuwa moja tu. Mama yule alirudishiwa fedha zake, lakini Idi yake haikurudi.

Tuliketi pamoja tukalipitia duka lile. Bidhaa zote zilikuwa zimeandikwa kwa namna moja: jina, bei na picha. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro, kwani kila aina ya bidhaa ina maswali yake. Anunuaye buibui huuliza urefu, kitambaa na upana. Anunuaye leso haulizi urefu; huuliza jina lililoandikwa, rangi, na kama ni jozi kamili. Mafuta ya udi huulizwa tola, nayo tola moja ni kama gramu 11.7. Halua huulizwa uzito na siku iliyopikwa. Basi aina ziainishwe kwanza, na kila aina iwekewe nafasi za sifa zake, ili bidhaa mpya isiingizwe dukani ila nafasi hizo zimejazwa.

La pili, buibui moja lenye saizi tano si bidhaa tano, wala si "saizi zote". Ni shina moja lenye matawi matano. Maelezo na picha hukaa kwenye shina, yakisahihishwa mara moja yametosha. Kila tawi huwa na nambari yake na hesabu yake; saizi 58 ikiisha, hufungwa hiyo peke yake, nyinginezo zikaendelea kuuzwa.

Haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya kuzipokea. Hakuwakataza, bali aliwaamuru wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mnunuzi aliye mbele ya muuzaji hushika kitambaa kwa mkono wake. Anunuaye kwa simu hana mkono wala jicho ila maneno uliyomwandikia. Nafasi uliyoiacha tupu ataijaza kwa dhana, na dhana hiyo ndiyo mlango wa ugomvi.

Kazi ile ilimchukua binti yetu siku mbili. Nawe mwenye duka, anza na aina moja inayouzika zaidi, uihesabu kwa mkono, kisha uandike ulichokiona rafuni, si unachokikumbuka.

Wabillahi tawfiq.