Kuuliza njia siyo kazi, kazi ni kuelewa jibu

Leo nina hoja.

Mimi na rumeti wangu hapa UDOM tunajifundisha Kihispania. Tulipofika somo la kuuliza njia, nikakariri "¿Dónde está la biblioteca?" mpaka nikaiota. Jumamosi tukasema tufanye kweli: yeye aelekeze, mimi nitembee mpaka maktaba ya ndaki yetu. Hakuna Kiswahili, hakuna kuonyesha kidole.

Akasema "todo derecho". Nikakata kulia. Akarudia, nikakata tena kulia. Nikajikuta nyuma ya hosteli kwenye kamba za nguo, watu wananishangaa. Mwenzangu uvumilivu ukamwisha: "We dada, nimesema nyoosha!" Kumbe "todo derecho" ni kwenda moja kwa moja, kulia ni "a la derecha". Aibu niliyopata!

Swali nililijua vizuri sana. Jibu ndo lilinipoteza. Na hapo ndipo tunapokosea madarasani: A anauliza, B anajibu, A anashukuru, makofi. Hakuna anayetembea, kwa hiyo hakuna anayepotea.

Halafu mtaani watu hawaelekezi kama kitabu. Muulize mama ntilie pale Majengo, atakwambia nyoosha na hii lami, ukipita msikiti kata kushoto, ukifika hapo uliza tena. Wenye Kihispania chao nao ni hivyo hivyo. Managua, mji mkuu wa Nikaragua, ulibomolewa na tetemeko la Desemba 1972, na mpaka leo watu wanaelekeza hata kwa alama ambazo hazipo tena. Kaskazini wanasema "al lago", yaani upande wa ziwa. Mashariki ni "arriba", juu, linakochomoza jua. Ukienda na kulia na kushoto peke yake, utalala stendi.

Sasa sisi walimu watarajiwa, tukienda mazoezi ya kufundisha, iwe Kiingereza au Kifaransa, tuwatoe wanafunzi nje. Mmoja aelekeze, mwingine atembee, apotee kidogo. Na tuwape sentensi ya kujiokoa. Mimi yangu ni "más despacio, por favor", polepole tafadhali. Nikishasikia, narudia maelekezo kwa mdomo wangu kabla sijapiga hatua.

Jumamosi ya tatu maktaba nilifika. Ilikuwa imefungwa, lakini nilifika.

Naomba kuwasilisha.