Waya za gari ya Baba

Kwenye kipindi cha wiki hii niliwachekesha na habari za gari ya Baba. Lakini nilisimulia nusu tu. Nusu ya pili haichekeshi sana, ndiyo nikasema niiandike hapa.

Gari yenyewe ni MGB ya 1971, ya wazi, viti viwili. Magari haya yaliundwa mjini Abingdon, hapa hapa Uingereza, tangu 1962 mpaka 1980, na yalitoka zaidi ya nusu milioni. Kwa hiyo msidhani sisi ni matajiri. Baba aliinunua kuukuu mwaka 1989, kwa pesa za ovataimu. Mama mpaka leo anasema zile zilikuwa pesa za nauli ya Unguja.

Novemba iliyopita nilikuwa naiendesha mimi, Baba pembeni, jioni. Nikawasha taa. Mara harufu ya mpira unaoungua, chini ya dashibodi. Baba akashusha kioo taratibu, akasema, "Inapita hiyo."

Yaani alishaizoea!

Jumamosi yake nikaenda kwao mapema. Shikamoo, marahaba, chai, halafu nikamwambia: Baba, leo naifungua. Hakupenda. "Gari hii nimeitengeneza mwenyewe miaka yote hiyo. Wewe ulikuwa mshika tochi tu." Kweli kabisa. Na nyinyi mliowahi kushika tochi ya mzee mnajua: ukimulika hapa unagombwa, ukimulika pale unagombwa.

Kitu cha kwanza ni betri. Gari hii ina mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti, zimeungwa zitoe 12. Nilikuta waya ya ethi imeshatolewa. Baba huitoa kila anapoegesha, na sisi miaka yote tulidhani anaogopa wezi.

Halafu nikafungua kisanduku cha fyuzi, kile chini ya boneti. Fyuzi nne. Moja, ya taa ndogo, imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Baba aliacha sigara 1998. Hesabuni wenyewe.

Kazi ya fyuzi ni kufa. Umeme ukizidi, inakatika yenyewe ili waya isalimike. Ukiizungushia karatasi ya fedha haifi tena, na kitakachoungua ni waya, ambayo imepita juu ya miguu yako. Ile ya taa ndogo ilikuwa imesuguana na bati chini ya dashibodi mpaka mpira ukaisha, ikawa inapiga shoti kidogo kidogo. Harufu ndiyo hiyo.

Niliendelea. Waya za magari ya Kiingereza ya zamani zina lugha yake ya rangi. Kahawia inatoka kwenye betri moja kwa moja: haina fyuzi, ina umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Nyeupe inapata umeme ukizungusha ufunguo. Kijani imepita kwenye ufunguo na kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo, nyeusi ethi. Sasa nyuma ya geji ya petroli kulikuwa na kijani iliyokatika, imeungwa kwa tepu. Na imeungwa na kahawia.

Ndiyo maana mshale wa petroli ulikuwa haulali hata gari ikizimwa, na gari ikikaa wiki kadhaa betri inakwisha. Ndiyo maana anatoa ile ethi.

Nikamwita. "Baba, kwa nini kijani umeiunga na kahawia?" Akainama, akatazama kwa muda. "Si rangi moja hizo?"

Nilidhani ananitania. Nikachukua waya mbili, nikamwonyesha. Hakutania.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu nizaliwe." Akafuta mikono. Akaniambia kwamba alipofika nchi hii alitaka kazi ya umeme wa reli. Kule nyumbani alishakuwa fundi. Wakampa kitabu chenye madoa ya rangi, asome namba zilizojificha ndani. Hakuziona. Akaenda kiwandani, akakaa huko mpaka kustaafu. Hajawahi kumwambia mtu, hata Mama.

Nilikosa la kusema. Nikasema, basi tunabadilisha zote.

Na kweli hakukuwa na njia nyingine. Nilimenya waya moja, shaba ya ndani nyeusi. Nikakata sentimita tano, bado nyeusi, kumi, bado. Waya ya namna hiyo ukiiunga pale, kesho itakatika hapa. Tuliagiza fungu zima jipya, limeshafungwa kwa umbo la gari. Bei yake haikuwa mbali na nauli ya Unguja. Mama alisikia, akanyamaza.

Kama una kazi kama hii, nakupa tuliyojifunza. Piga picha kila kiungio kabla hujakigusa. Fungu la zamani litoe zima, ulilaze sakafuni ubavuni mwa jipya. Kwangua rangi kila ethi inaposhikana na bati. Taa kubwa za gari hii kiwandani hazikuwekewa fyuzi, na umeme wake wote unapita kwenye swichi. Sisi tuliongeza fyuzi na relei. Na siku ya kuunganisha betri, weka kwanza balbu ndogo katikati ya betri na gari. Ukiwa umezima kila kitu na balbu inawaka sana, kuna shoti, rudi nyuma.

Rangi tuliziacha. Kila ncha niliibandika namba, na Baba akaandika orodha kwa mkono wake, namba kwa namba. Njia za waya alizijua kwa vidole: inapotoboa bati, inapopinda, inaposhikwa na kibanio. Mimi bila yeye ningekuwa bado niko chini ya dashibodi. Ila safari hii tochi alishika yeye, na nikimwambia "Baba, huku!" alikuwa anacheka peke yake.

Tulimaliza Machi. Balbu haikuwaka. Taa zikawaka zote, hata indiketa ya kushoto iliyokufa mimi nikiwa shule.

Usiku ule alimwambia Mama habari ya kile kitabu cha madoa. Mama alimuuliza kitu kimoja tu: mashati ya kijani aliyokuwa akimnunulia, alikuwa akiyaona rangi gani?

Kama kwenu kuna gari kuukuu, tazameni fyuzi kabla hamjawasha taa. Na mzee akisema "inapita hiyo", msiiache ipite. Tusikilizane wiki ijayo.