Mtoto Ajikwaapo Baada ya Magharibi



Mara nyingi humkemea mtoto anayejikwaa nyumbani giza linapoingia. Tusifanye haraka.

Mwaka 1976 Dakta Alfred Sommer, tabibu wa macho kutoka Marekani, alikwenda Indonesia kuchunguza upofu wa watoto wadogo. Kina mama wa huko waliijua dalili yake ya mwanzo, wakiiita buta ayam, yaani upofu wa kuku, kwani kuku naye haoni magharibi ikiingia. Chanzo chake ni upungufu wa vitamini A. Baadaye, alipozirejea hesabu zake, aligundua jambo zito zaidi: watoto wenye upofu huo wa usiku walikuwa wakifariki kwa wingi kuliko wenzao. Utafiti wa pili, katika vijiji 450 vya Aceh, ulionyesha kuwa vitamini hiyo ilipunguza vifo vya watoto kwa karibu theluthi moja. Wengi walimtilia shaka, mpaka majaribio ya nchi nyingine yakamuunga mkono.

Basi yale matone tupewayo kliniki kila miezi 6, tangu mtoto atimizapo miezi 6 hadi miaka 5, tusiyaache kwa kuwa mtoto aonekana mzima. Jikoni nako tusisahau mchicha, maini, embe bivu na papai. Na mtoto akipapasa njia jioni, tumpeleke kwa daktari kabla ya kumkaripia.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu. Amin.