Maarifa ya Zebaki Yapangwe Kama Mnyororo

Madhara ya zebaki kwa wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga yanajulikana. Kinachokosekana ni mpangilio wa maarifa hayo. Muuguzi huona mikono inayotetemeka, maabara hupima mkojo, mchimbaji hujua namna dhahabu inavyochomwa. Kila mmoja ameshika kipande chake.

Tangu mwaka 2012, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) limehimiza maarifa ya sumu yapangwe kwa mfuatano: kemikali, badiliko ndani ya seli, athari kwenye kiungo, kisha ugonjwa. Kwa zebaki mfuatano uko wazi. Dhahabu iliyoshikamana na zebaki ikichomwa, mvuke usioonekana huvutwa, na takriban asilimia 80 yake huingia mwilini kupitia mapafu. Hupenya hadi kwenye ubongo, hugeuka kuwa ayoni na kung'ang'ania salfa iliyomo katika protini. Protini zikishindwa kazi, hufuata kutetemeka, usahaulifu na maradhi ya figo.

Mnyororo huo una mafunzo. Glavu na kitambaa puani havizuii mvuke. Zebaki ya mvuke hupimwa kwenye mkojo. Ile ya samaki, kwenye damu au nywele. Dhahabu ikichomwa jikoni, mtoto huathirika hata asipoigusa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Utekelezaji wake uanzie zahanati: mgonjwa anayetetemeka aulizwe kazi yake na mahali anapochomea dhahabu, kabla ya kudhaniwa mlevi.